Mchukuzi wa Zebaki: Maji ya Kahawia ya Vijito vya Kaskazini

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliopo hapa, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo.

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame chupa hii. Maji haya yalichotwa kwenye kijito kinachotoka kinamasini, ndani ya msitu wa misonobari wa kaskazini ya mbali. Rangi yake, kama mnavyoona, ni ya chai isiyotiwa maziwa. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani yamechafuka, au yana tope ambalo halijatua. Hayana tope. Tumeyapitisha kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.45, ambayo hata bakteria wengi hawapenyi, na yametoka upande wa pili na ukahawia wake uleule. Hicho kilichobaki ndani ya maji, kisichotua wala kuchujika, ndicho kilichonisimamisha mbele yenu.

Wanakemia hukiita mata ogania iliyoyeyuka. Mimi nitaiita mboji iliyoyeyuka, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Ni majani, mizizi, magome na ile mimea laini ya kinamasini iitwayo sfagnamu, vilivyooza nusunusu kwa miaka mingi, vikalowa, vikaachia rangi na asidi zake majini kama majani ya chai ndani ya birika. Tunaipima kwa kaboni iliyomo. Ziwa angavu la milimani linaweza kuwa na miligramu 1 au 2 tu za kaboni hiyo katika lita moja. Kijito cha kinamasini huvuka 30 bila taabu.

Nilipoingia kwenye kazi hii nilikuja kutafuta zebaki, na mboji niliiona ni kero. Iliziba machujio yangu na kunivurugia vipimo. Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nikimfuatilia msafiri bila kumtazama anayembeba. Tangu hapo nimeshikilia jambo moja, na leo nawaletea hilohilo: kwenye vijito na ardhioevu za kaskazini, ukijua kiasi cha zebaki usijue mboji ni kiasi gani na ya aina gani, umeshika nusu ya habari, tena ile nusu isiyokusaidia kuamua.

Tuanze na zebaki inakotoka. Wengi wetu tukiisikia tunakumbuka kile kioevu cha fedha ndani ya kipimajoto cha zamani. Lakini zebaki ni metali yenye tabia ya peke yake. Hugeuka mvuke kwa urahisi, na mvuke huo hukaa angani miezi kadhaa, pengine hata mwaka, kabla ya kushuka. Muda huo unatosha kuuzungusha dunia. Makaa ya mawe yanapochomwa na wachimbaji wadogo wanapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, sehemu ya mvuke huo hufika juu ya misitu ya Uswidi, Ufini, Kanada na Urusi, mahali ambapo unaweza kutembea siku nzima usione bomba la moshi. Hushuka na mvua na theluji. Nyingi zaidi hunyonywa na majani ya miti yenyewe, nayo majani yakianguka huiweka sakafuni mwa msitu. Matokeo yake yanaumiza: Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha mikrogramu 20 za zebaki kwa kila kilo ya samaki ili kulinda wanyama wanaowala, na maziwa na mito yote ya Uswidi imehesabiwa kuwa juu ya kiwango hicho.

Sasa basi, zebaki ikishafika kwenye udongo wa msitu, kwa nini haiishii hapo? Na kwa nini isioshwe yote mara moja? Jibu la maswali yote mawili ni mboji, na hapa naomba tusiharakishe.

Ndani ya mboji kuna salfa kidogo. Sehemu ya salfa hiyo imekaa katika umbo ambalo wanakemia huliita thioli, yaani atomi ya salfa iliyoshikana na kaboni upande mmoja na hidrojeni upande mwingine. Zebaki na thioli ni chanda na pete. Zebaki ikikutana na thioli humwacha hidrojeni nje na kukaa mahali pake, na mara nyingi hushikwa na salfa mbili, moja kila upande. Muungano huo ni imara kiasi kwamba katika maji ya kahawia zebaki iliyo huru, isiyoshikwa na chochote, karibu haipo kabisa.

Mtaniuliza, je, thioli hizo zinatosha? Tupige hesabu pamoja. Chukueni lita moja ya maji yenye miligramu 30 za kaboni. Zebaki ndani ya lita hiyo inaweza kuwa nanogramu 5, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Miligramu 30 ni nanogramu milioni 30. Kwa kila nanogramu ya zebaki, basi, kuna nanogramu milioni 6 za kaboni zinazoisubiri. Hata kama thioli ni chembe ndogo sana ya mboji, bado nafasi ni nyingi kuliko wageni. Ndiyo maana mwanzo wa utafiti huu uliwapotosha watu: waliweka zebaki nyingi mno kwenye chupa za maabara, nafasi zile bora zikajaa, zebaki iliyobaki ikashikwa na sehemu dhaifu za mboji, na wakatangaza kwamba mshiko ni wa wastani. Kijitoni zebaki ni haba, na kila atomi hupata kiti cha mbele.

Kinachofuata kinaeleweka chenyewe. Mboji ikibaki udongoni, zebaki inabaki. Mboji ikiyeyuka na kuondoka, zebaki inaondoka nayo. Ukichora grafu ya zebaki kwa kaboni iliyoyeyuka, kijito baada ya kijito, nukta hupanda pamoja. Na mboji zote si sawa. Ile ya kahawia nzito, inayofyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, ndiyo inayobeba zaidi. Kwa hiyo kifaa kidogo cha mwanga kinaweza kukudokeza habari za zebaki kabla hujapeleka chupa maabara.

Niwapeleke kijitoni. Theluji inayeyuka. Kingo bado zina barafu nyembamba inayolia chini ya buti. Majira yote ya baridi maji ya kijito cha msituni yalikuwa yakipita chini, kwenye udongo wa madini, na yalikuwa karibu meupe. Sasa maji ya theluji yamejaza udongo hadi juu, usawa wa maji umepanda ukaingia kwenye tabaka la mboji lililo karibu na ukingo, na kwa siku chache kijito kinageuka rangi mbele ya macho yako. Ukichelewa juma moja umekosa sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka mzima.

Tupo wawili. Mmoja ni mikono safi, mwingine ni mikono michafu. Hayo ndiyo majina ya kazi na hakuna anayeona haya kuitwa hivyo. Mikono michafu anafungua mfuko wa nje. Mikono safi anaingiza kidole chenye glavu, anafungua mfuko wa ndani, anatoa chupa, na tangu hapo haruhusiwi kugusa kitu kingine chochote: si koti lake, si pua inayomwasha, si tawi linalompiga shavuni. Anaingia majini, anaelekeza uso mkondo unakotoka, anazamisha chupa, anaisuuza kwa maji yaleyale, anaijaza na kuifunga ikiwa bado chini ya maji. Vumbi kidogo kutoka mfukoni linaweza kuongeza zebaki kuliko iliyomo kijitoni. Wanafunzi mliopo hapa, mkifundishwa utaratibu huu msiuone ni ushamba. Takwimu nyingi za zamani za zebaki majini tumezitupa kwa sababu zilikuwa zikipima mikono ya wachotaji.

Jambo moja lilinishangaza, na nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mandhari ilivyo na uamuzi wake. Kwenye bonde la Krycklan, kaskazini mwa Uswidi, vijito vya msituni huongezeka ukahawia theluji inapoyeyuka, lakini kijito kinachotoka kinamasini hupungua. Uso wa kinamasi umeganda, theluji inayeyuka juu yake na kutiririka bila kugusa mboji iliyo chini, na maji yanazimuliwa. Msimu uleule na bonde lilelile, vijito viwili vinakwenda kinyume. Yeyote anayetaka kukupa kanuni moja ya kaskazini yote, mwambie atembee kwanza.

Mpaka hapa nimesema habari za usafiri. Lakini zebaki inayosafiri hivi haijawa ile inayotutia hofu. Inayojilimbikiza kwenye samaki ni methilizebaki, zebaki iliyounganishwa na kundi la kaboni na hidrojeni. Mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Uswidi, Jensen na Jernelöv, walionyesha kwamba vijiumbe vya kwenye matope ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Ilichukua hadi mwaka 2013 kupata jeni mbili zinazohusika, hgcA na hgcB. Vijiumbe vyenye jeni hizo huishi pasipo oksijeni: vinavyopumua kwa salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni), vinavyopumua kwa chuma, na baadhi ya vile vinavyotengeneza gesi ya methani. Ukitafuta mahali palipojaa maji, pasipo oksijeni, penye chakula kingi cha kaboni, umeshafika kinamasini. Utafiti wa miaka ya 1990 huko Kanada ulithibitisha kwamba vijito vinavyopita kwenye ardhioevu hutoa methilizebaki nyingi kuliko vinavyotoka kwenye misitu mikavu.

Na mboji? Mboji ina mikono miwili, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kwa mkono mmoja huvilisha vijiumbe hivyo, hasa ile mbichi, iliyotoka karibuni kwenye mimea na mwani. Kwa mkono mwingine hushika zebaki na kuifanya isiingie kirahisi ndani ya seli. Tena penye salfidi, yaani salfa inayobaki vijiumbe vikishapumua salfeti, mboji huzuia zebaki na salfa kukua kuwa chembe kubwa zenye kutulia. Chembe hubaki ndogondogo, na ndogo ndizo ambazo vijiumbe huzimudu. Kwa hiyo ukiniuliza mboji ni rafiki au adui nitakuuliza kwanza: ni kiasi gani, imetoka wapi, na ina umri gani?

Mfano ulio wazi umetoka kwenye maziwa ya tundra, nyika baridi isiyo na miti, ya kaskazini-magharibi mwa Kanada. Watafiti walipima methilizebaki kwenye wanyama wadogo wa majini wasio na uti wa mgongo. Kadiri kaboni iliyoyeyuka ilivyopanda kutoka kiwango cha chini, zebaki ndani ya wanyama ilipanda pia, kwa kuwa mboji iliileta. Ilipovuka takriban miligramu 8 hadi 9 kwa lita, mambo yaligeuka: mboji ilikuwa nyingi kiasi cha kuishika zebaki isiingie mwilini mwa viumbe, na kiwango ndani yao kikashuka. Grafu yake ni kilima. Hivyo maji yakizidi ukahawia, samaki wa ziwa moja wanaweza kuharibika na wa ziwa jingine wakapata nafuu, kutegemea kila ziwa lilikuwa upande gani wa kilima.

Jua nalo limo. Mwanga huvunja methilizebaki iliyo karibu na uso wa maji, nayo mboji ni kivuli. Maji ya kahawia hayapenywi mbali. Hili nalipita haraka, ingawa linastahili hotuba yake.

Nikae zaidi kwenye salfa, kwa sababu inagusa historia yetu ya karibuni. Kwa miongo mingi mvua ya asidi iliishushia kaskazini salfeti, na salfeti ni pumzi ya bakteria wale wanaotengeneza methilizebaki. Kwenye msitu wa majaribio wa Marcell, jimbo la Minnesota, Marekani, watafiti walinyunyizia salfeti sehemu ya kinamasi na methilizebaki ikapanda. Walipoacha, ikaanza kushuka. Hiyo ni habari njema kwa nchi zilizopunguza salfa ya viwandani. Lakini salfa hiyohiyo ilikuwa ikizuia mboji kuyeyuka. Ilipopungua, vijito na maziwa ya Skandinavia, Uingereza na kaskazini-mashariki mwa Marekani vilianza kuwa vya kahawia zaidi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2007 ulihusisha mabadiliko hayo na kupungua kwa salfa na chumvi ya bahari zinazoshuka kutoka angani. Tulitibu ugonjwa mmoja, udongo ukaanza kuachia kilichokuwa kimefungwa. Sisemi tulikosea kutibu. Nasema tulipaswa kuwa tunapima mboji tangu siku ya kwanza.

Binadamu huongeza yake. Ukijenga bwawa la umeme ukafunika ardhioevu, umewapa bakteria karamu. Mwaka 1993, kwenye eneo la maziwa ya majaribio huko Ontario, Kanada, kinamasi kidogo kilizamishwa kwa makusudi ili kuona kitakachotokea, na utengenezaji wa methilizebaki ukapanda takriban mara 39. Hilo halikuwa geni kwa Wakri, wenyeji wa asili wa Quebec: baada ya mabwawa ya mto La Grande kujaa, zebaki ilipanda kwenye samaki wao. Mimi nikiwasikia watu wakisema kwa wepesi, “basi wasile samaki,” moyo unaniuma. Kwa jamii ambayo samaki ndiye chakula, kazi, na shule ya mtoto kwa babu yake, sentensi hiyo ni nyepesi kwa anayeitamka tu.

Sasa nije kwenye jaribio ambalo nikilifikiria napata nguvu. Ni hukohuko Ontario, kwenye ziwa dogo linaloitwa kwa namba tu, 658. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2007 watafiti waliongeza zebaki kidogo kwa makusudi, lakini zebaki yenye alama. Zebaki ina isotopu kadhaa, yaani atomi zake zinazotofautiana kidogo kwa uzito, na maabara inaweza kuzitenganisha kama unavyotenganisha shanga kwa rangi. Walitia isotopu 202 moja kwa moja ziwani. Kwa ndege, walinyunyiza isotopu 198 juu ya ardhioevu na isotopu 200 juu ya msitu wa nchi kavu. Kisha wakavua samaki na kuuliza: zebaki hii imetoka mlango gani?

Jibu la miaka ya mwanzo lilikuwa wazi. Karibu ongezeko lote kwenye samaki lilitoka kwenye zebaki iliyodondoka ziwani moja kwa moja. Katika ile ya msituni na kinamasini, iliyotoka na kuingia ziwani haikufika asilimia 1. Ilikuwa imekamatwa na majani, udongo na mboji, na imetulia. Walipoacha kuongeza, methilizebaki yenye alama ilishuka kwa hadi asilimia 91 kwenye viumbe wa chini wa mtandao wa chakula, na kwa asilimia 38 hadi 76 kwenye samaki wakubwa, ndani ya miaka 8. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2022. Anayesema kwamba kupunguza moshi wa zebaki ni kazi bure kwa kuwa dunia tayari imejaa, mpelekeni ziwa 658. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, una mantiki ya kisayansi ya kuusimamia.

Lakini itazameni tena ile zebaki ya isotopu 200. Bado ipo. Imeshikwa na thioli udongoni, na mlinzi wake ni mboji ileile ambayo kesho inaweza kuwa mchukuzi. Zidisha hilo kwa karne ya moshi wa dunia nzima. Kisha nendeni kaskazini zaidi, kwenye ardhi iliyoganda daima. Makadirio ya mwaka 2018 yalisema humo kuna takriban tani milioni 1.7 za zebaki. Makadirio yaliyofuata yalikuwa madogo zaidi, lakini hata hayo ni mamia ya maelfu ya tani. Imekaa huko maelfu ya miaka kwa sababu mimea iliyoishika haikuoza. Ardhi hiyo inayeyuka sasa. Panapobomoka, vidimbwi hutokea, mboji huloa na oksijeni huisha: ni mazingira yaleyale niliyowaeleza ya kinamasi.

Kwa hiyo ninalo ombi, Ndugu Mwenyekiti, na nalielekeza kwa wote wanaopanga upimaji wa maji kwenye nchi hizo. Kila chupa ya zebaki ifuatane na chupa ya kaboni iliyoyeyuka na kipimo cha mwanga wa nanomita 254. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ile ya zebaki yenyewe. Ichotwe theluji inapoyeyuka na baada ya mvua kubwa za vuli, si siku ya jua ambayo gari linafika kirahisi. Na kabla ya kukata msitu ulio ukingoni mwa kijito, au kuzamisha kinamasi, au kukirudishia maji kinamasi kilichokaushwa zamani (kazi ambayo naiunga mkono kwa sababu nyingine nyingi), mtu aende akapime methilizebaki inayotoka hapo sasa, ili baadaye tujue tumefanya nini.

Chupa hii nitaiacha hapa mezani. Anayetaka kuitazama kwa karibu aje, na mwenye swali tuanze naye.

Ahsanteni sana.